Barua ya Wazi kwa Wenye Tingatinga

KWA: Mamlaka zote za Kenya zinazomiliki, kukodi au kuazima tingatinga
KUH: SHERIA INAYOCHELEWESHA KAZI

Ubomoaji wa makazi ya watu jijini Nairobi ni huduma ya umma inayotolewa kwa bidii isiyoonekana katika ugavi wa maji wala uzoaji wa taka. Hauna ada wala foleni, na aghalabu humfikia mwananchi mlangoni kabla hajaamka. Kikwazo chake ni sheria.

Katika kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, notisi ya mwaka 2011 ilikuwa ya siku 7. Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuzuia ubomoaji, lakini tarehe 19 Novemba nyumba zilibomolewa vivyo hivyo. Tingatinga halisomi, na si haki kulilaumu.

Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa, ikazidisha usumbufu. Sasa notisi ni ya miezi 3. Wabomoaji wanatakiwa wajitambulishe, waonyeshe kibali, wawalinde wazee, watoto na wenye ulemavu, na wampe mkaazi nafasi ya kwanza ya kubomoa mwenyewe ili aokoe mabati yake. Mtaa wa Kariobangi ulionyesha jinsi ya kuyakwepa masharti hayo. Tarehe 4 Mei 2020, serikali ikihimiza watu wakae nyumbani kwa sababu ya korona, maelfu walinyang'anywa nyumba za kukaa. Amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji ilikuwepo pia.

Lawama iliyobaki ni ya wakaazi. Kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa 1996, wamezoea kuweka akiba kidogo kidogo, kuhesabu nyumba zao, kuchora ramani za vichochoro na kuitaja Ibara ya 43 ya Katiba kuhusu haki ya makao. Tabia hii ina madhara. Ilichangia mtaa wa mabanda wa Mukuru kutangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017. Mwaka 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, makumi ya maelfu ya watu wakalala nje, na umaalumu ukakamilika. Wa Mitumba nao hawakuchoka na kesi yao. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wasio na ardhi waliojenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hati miliki, ila wana haki ya makao inayolindwa na sheria.

Mamlaka zimebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuifuta Ibara ya 43, marekebisho ya 2016 na hukumu hiyo, ili vitabu vilingane na vifusi. Ya pili ni kutangaza notisi gazetini na redioni, kutumia hesabu ambazo wakaazi wameshazifanya bila malipo, na kuonyesha mahali pa kuhamia kabla ya injini kuwashwa. Hii ya pili haihitaji sheria mpya hata moja.

Jibu linaombwa kwa maandishi, miezi 3 kabla ya tingatinga.