Mbwa Mkali

Getini pameandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI, MBWA MKALI. Mkali mwenyewe yuko sebuleni, amelala chali juu ya kochi ambalo watoto wa nyumba hiyo walikatazwa kulikalia na sare za shule. Ana meno 28 ya utoto, na yote yana kazi: kandambili za baba, waya wa chaja, pindo la pazia.

Baba huyo tunamfahamu hapa mtaani. Watoto wake wanne walikua bila yeye kujua maziwa ya kopo yanakorogwaje. Leo, saa nane za usiku, anasimama uani na tochi ya simu, akikibembeleza kitoto cha mbwa kikojoe. "Jitahidi, baba, jitahidi." Mama watoto anachungulia dirishani, hasemi kitu. Anaweka kumbukumbu.

Jina kapewa Simba. Juzi paka wa jirani alimkimbiza hadi uvunguni.

Dagaa wa Mwanza wanachemshwa bila chumvi, maziwa hayapungui, na mpishi wa mheshimiwa ni dada wa kazi, ambaye mshahara wake huambiwa usubiri. Daktari wa mifugo, yeye, alilipwa papo hapo. Sisemi vibaya: kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishajitokeza, hivyo Simba akifikisha miezi 3 achanjwe, na asikose marudio. Ila bosi, ukirudi kutoka huko kwa daktari, pitia na jikoni. Kuna mtu anakudai.