Katika Kuzisifu Herufi Zisizofanya Kazi

Katika ulimwengu huu ambamo mja huulizwa kazi yake kabla ya kuulizwa hali, ni haki tuzitolee sifa herufi mbili za Kiingereza, G na H, ambazo zikiisha kushikana mikono hukaa katikati ya neno kwa taadhima ya masultani, zikala wino wa mpiga chapa na nafasi ya karatasi, wala zisitoe hata pumzi. Tazama "night", ambalo ni usiku. Na "light", ambalo ni nuru. Na "daughter", yaani binti: kote humo zimo, zimenyoosha shingo, na hapana ulimi unaozigusa.

Wenye kuzibeza husema ni herufi za uvivu. Hao hawaijui nasaba yake. Zamani zilikuwa na kazi, tena kazi nzito, kwani Mwingereza wa zama za Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipoutaja usiku alikwaruza koo kwa sauti iliyo jirani ya khe ya Kiarabu. Hata leo mtoto wa Lamu aliyetoka chuoni na makhraji yake kamili, akithubutu kulisoma neno hilo kama lilivyoandikwa, atachekwa na darasa zima, ilhali yeye peke yake ndiye aliyekaribia kusoma kama walivyosoma wenyewe. Baadaye Waingereza wakachoka kukwaruza, sauti ikawatoka, maandishi yakabaki. Na hapa ndipo uungwana wao unapodhihiri. Sisi watu wa pwani, khe ya "khabari" na "khatari" ilipotutoka wengi wetu ulimini, tuliifuta na katika maandishi pasi na kuisomea hitima, tukaandika habari na hatari, basi. Lakini kwao sauti imekwisha kufa kitambo, na kitanda chake kingali kinatandikwa kila asubuhi.

Wala isidhaniwe kwamba herufi hizi zimekaa kimya kwa kukosa maarifa. Zikitaka huwa F, kama katika "laugh", kucheka, na "cough", kikohozi. Zikitaka zaidi huwa P, kwa kuwa "hiccough", ambayo ni kwikwi, hutamkwa hikapu, na sijui ni lugha gani nyingine iliyofikia daraja hii ya ukarimu, ya kumpa mgonjwa wa kifua herufi zilezile za mwenye kwikwi kisha ikawaachia kila mmoja alie kwa sauti yake. Zikishikana na O na U ndiyo hazina mpaka kabisa: "though", ijapokuwa, ni dho, "through", kupitia, ni thruu, "tough", kigumu, ni tafu, na "bough", tawi la mti, ni bau. Mwanafunzi aliyezihifadhi nne hizo hana tena haja ya kufundishwa subira. Wakulima wetu, kwa haraka zao, walipolipokea lile jembe la kukokotwa na ng'ombe liitwalo "plough" waliliita plau, na zile herufi mbili wakaziacha forodhani.

Hadhi yake ilikuwa kubwa hata wasio na mirathi wakaitamani. Neno "delight", furaha, lilitoka Ufaransa bila ya G wala H, likakaa Uingereza karne kadhaa katika hali hiyo ya unyonge, hadi waandishi, walipoona jirani yake "light" amevaa joho, wakalivika na lenyewe. Na "ghost", mzuka, alikuwa akitembea bila ya H mpaka William Caxton, aliyeishi miaka mingi Bruges miongoni mwa Waflemi, aliporejea na kufungua kiwanda cha chapa Westminster mwaka 1476, na mzuka wa Kiingereza ukatoka humo na herufi ya kigeni.

Lakini sifa kuu ni ya kisiasa. Neno "might" maana yake ni nguvu, ile nguvu ya manowari na mizinga. Na "mite", litamkwalo vivyo hivyo bila ya tofauti hata ya unywele, ni utitiri wa kuku. Kinachoitenga dola na utitiri, katika maandishi, ni bibi hawa wawili waliokaa kimya. Na mwenye kutaka kuwafukuza na apime kwanza atabaki na nini mkononi.

Wapo waliotaka. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliamuru wapiga chapa wa serikali watumie tahajia nyepesi ya maneno 300, yakiwamo "though" na "through" yaliyokatwa mikia yakawa "tho" na "thru"; Bunge likamkatalia kabla mwaka haujesha, na mtu yule aliyeunganisha bahari mbili kwa mfereji wa Panama akashindwa kuzitenganisha G na H. Gazeti la Chicago Tribune lilikuwa kaidi zaidi: lilianza tahajia yake ya mkato mwaka 1934, likashikilia "tho" na "thru" hadi mwaka 1975, ndipo lilipoacha, na herufi zetu zikarejea kurasani, zikakaa pale pale, zisidai hata malimbikizo ya mshahara.