Stara ya Kukodi

Tangu Jumapili mama mkwe hasemi nami ila kwa kupitia jokofu. Nikiingia jikoni, yeye huligeukia na kuliambia, "Chai i tayari, kama yuko aitakaye." Nikimwamkia, huitikia marahaba huku akikagua dari. Mke wangu anasema nimpe muda. Muda gani? Mama huyu miaka yote ameniona na kanzu, au shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kooni. Sasa amekiona kifua, amekiona kitovu, ameona na bukta yenye picha za ndizi niliyopewa zawadi na wanangu. Vyote kwa mpigo, mchana kweupe, kwenye ufuo unaohesabiwa miongoni mwa fuo nzuri kuliko zote duniani.

Ufuo wenyewe unaitwa Whitehaven, kilomita 7 za mchanga mweupe katika Visiwa vya Whitsunday, jimbo la Queensland, Australia. Visiwa viko 74, na katika vichache kati ya hivyo zimejengwa hoteli za kifahari ambazo mtu wa kawaida huziona kwenye kalenda tu. Sisi tulizifikia Februari, kwa sababu Februari bei hushuka, na mke wangu ana jicho la punguzo. Bei ikishuka vile kuna sababu. Kuna mvua, kuna msimu wa vimbunga, na kuna jambo la tatu lililoandikwa chini kabisa ya tangazo kwa herufi za kutafutia miwani: kuanzia Novemba hadi Mei, bahari ile ya rangi ya feruzi haiingiwi hivi hivi. Ina yavuyavu.

Mama mkwe alipoambiwa alicheka. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, na kiumbe huyo laini kama uji uliopoa anamjua tangu utotoni. Kwao mtu akiwashwa hujikuna, akaendelea kusukuma mashua. Lakini wa Queensland ni habari nyingine, na nakiri kwamba tangu niwasome sijalala vizuri.

Wako wawili wa kuogopwa. Wa kwanza, Chironex fleckeri, ana umbo la sanduku, macho 24, na minyiri inayoweza kufika 60, kila mmoja urefu wa mita 3. Hasukumwi ovyo na maji, anaogelea mwenyewe kuelekea anakotaka. Wa pili ndiye anayenitia kiwewe, kwa sababu hatoshi hata kujaza kijiko cha chai. Miaka mingi watu wa kaskazini ya Queensland walikuwa wakitoka baharini wazima, wanajifuta maji, wanakaa, na baada ya nusu saa hivi wanaanguka kwa maumivu ya mgongo, kutapika na shinikizo la damu, bila jeraha la kuonekana. Mwaka 1952 daktari Hugo Flecker aliupa ugonjwa huo jina la Irukandji, kabila la wenyeji wa pwani ya karibu na Cairns. Aliyeusababisha hakujulikana. Ndipo mwaka 1961 daktari mwingine wa Cairns, Jack Barnes, akamnasa yavuyavu mdogo aliyemshuku, na ili kupata hakika akajichoma naye mwenyewe. Halafu akamchoma mwanawe wa miaka 9. Halafu akamchoma kijana mwokoaji wa ufukweni aliyekuwepo. Wote watatu wakaishia hospitali, na sayansi ikamshukuru kwa kumwita mdudu yule Carukia barnesi. Historia haisemi mama wa mtoto alimwita daktari nani.

Sumu yenyewe imo katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye ncha. Kifuko kikigusana na ngozi na kuonja kemia yake, uzi hufyatuka. Waliopima jamaa yao mmoja wa maji baridi walikuta ufyatukaji huo haufiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde. Yaani mtu unachomwa kabla hujaguswa sawasawa. Ila uzi huo ni mfupi sana, na kitambaa chembamba hakina ladha ya ngozi. Kwa hiyo nguo ya laikra, ile ya kubana ya wana sarakasi, hukukinga kila inapokufunika. Kabla haijaenea, waokoaji wa Queensland, mabaunsa wenye vifua vya kubebea watu, walikuwa wakiingia baharini na stokingi za wanawake: moja miguuni, nyingine wameitoboa wakaipachika mikononi. Nakipenda kisa hiki kuliko vyote.

Na kuna dalili moja ya Irukandji ambayo madaktari wameiandika kwenye vitabu bila aibu: mgonjwa hushikwa na yakini kwamba maangamizi yanakaribia. Si hofu ya maumivu, ni yakini. Tuiache hapo kwa sasa.

Basi asubuhi ile botini tuligawiwa mavazi ya kukodi. Ni kipande kimoja cha laikra nyeusi kuanzia kifundo cha mguu hadi shingoni, kofia ya kuziba masikio, vifuko vya viganja, na zipu ya mbele. Mama mkwe alilipokea la kwake kwa mashaka, akaingia msalani, akatoka amefunga leso kiunoni juu yake, uso tu ndio unaoonekana. Akatazama huku na huku. Wazungu wote, wake kwa waume, walikuwa wamejifunika gubigubi, hata yule bibi ambaye jana yake alikuwa amevaa kamba mbili na miwani. Mama akamnong'oneza bintiye, "Hawa wameanza lini?"

Langu lilinibana, lakini zipu ilipanda mpaka kooni bila kusita, nami nikajiona nimestirika.

Zipu ni kitu cha ajabu ukikaa ukaitafakari. Yale meno ya pande mbili hayawezi kushikana yenyewe hata uyagonge nyundo. Kinachoyaoanisha ni kichwa, kile kidude unachokivuta, ambacho ndani kina njia mbili zinazokutana zikawa moja. Kikipanda huyainamisha meno, jino la kulia likaingia pengo la kushoto, na yakishanyooka hayatengani tena. Kazi yote inategemea upana wa njia ile. Kichwa kikilegea kidogo tu kwa uchakavu, kitapanda vizuri na meno yatafuata, ila yatakuwa yamekaribiana bila kushikana. Chumvi hukila. Mchanga hukisaga, na mchanga wa Whitehaven ni silika kwa asilimia 98, laini kuliko unga wa sembe, unaingia popote. Kuuchota ufukweni ni marufuku, lakini ndani ya zipu za mavazi ya kukodi umo wa kutosha kuanzisha ufuo mwingine. Fundi yeyote wa cherehani pale Mwembe Tayari angechukua koleo, akakibana kichwa kile pande mbili, akakurudishia nguo kabla hujamaliza kahawa. Botini alikuwepo mpiga picha, alikuwepo mpishi wa kamba, fundi hakuwepo.

Boti ilisogea hadi maji ya magotini, ikashushwa ngazi. Mkwe ana wajibu wake. Nikatangulia, nikasimama majini, nikanyoosha mkono: "Mama, nishike hapa." Akashuka kipandio cha kwanza, cha pili, akanishika mkono, nami nikavuta pumzi ili nimhimili.

Zipu ikaachia kuanzia kitovuni, ikaenda juu na chini kwa pamoja. Kichwa kilibaki kooni, kimefungwa vizuri kabisa.

"Yarabi stara!" Mama mkwe alijifunika macho kwa viganja vyote viwili, maana yake aliniachia mkono, maana yake alikosa kipandio, akakaa majini na leso yake. Kijana wa boti alisikia ukelele, akageuka, akaona mwanamume amejishika tumbo kwa mikono miwili na mama mzima ameanguka. Hao vijana wamefunzwa. Fuo za kule zina vituo vya chupa za siki, kwa sababu siki huvituliza vifuko ambavyo bado havijafyatuka, na mtu akipiga kelele majini haulizwi maswali, anamiminiwa. Nilimiminiwa. Chupa ya kwanza tumboni, ya pili ikaanzia kifuani ikashuka ndani ya ndizi.

Nilijaribu kumwambia ni zipu. Akanishika bega, akanitazama machoni kwa huruma, akaniuliza kama mafunzo yanavyotaka: je, ninahisi kwamba jambo baya sana linakaribia kunitokea?

Nikatazama upande aliokaa mama mkwe. Nikajibu ndiyo.

Hapo ndipo walipoleta machela. Nisirefushe. Mama aliifungua leso yake, akaniwekea juu ya kipandio bila kugeuka, na ufuo wote ule mzuri niliutembea nimejifunga leso, nanuka achari, huku wachumba waliokuja fungate wakiomba kupiga picha nami. Leso ilikuwa na maandishi. Yalikuwa nyuma, sijui yanasemaje, na mke wangu kila nikimwuliza hutoka chumbani akacheka.

Njiani kurudi mwongoza wageni alitusimulia jinsi nahodha Cook alivyopita mlangobahari ule Juni 1770 akaupa jina la Whitsunday, yaani sikukuu ya Pentekoste, kumbe alikuwa amechelewa siku moja, kwa kuwa mstari wa tarehe ulikuwa haujawekwa bado. Alilisimulia kwa ufundi, watu wakacheka. Wangaro, wenye visiwa, ambao michoro yao bado iko kwenye pango la ghuba ya Nara na ambao mabaki yao huko yanarudi nyuma miaka 9,000, walipata sentensi moja kati ya tangazo la biskuti na tangazo la choo. Mama mkwe alisikia tu kwamba mitumbwi yao ilikuwa ya magome ya miti yaliyoshonwa. Akataka kujua imeshonwa kwa kamba gani, maana babu zake huko Pate walisafiri kwa mitepe, na chombo cha kushona kina siri yake. Mke wangu akamfasiria mwongozaji swali. Alisema ataangalia, akaenda kugawa biskuti.

Sasa niseme lililonikaa rohoni, na si zipu.

Siku tuliyofika, mama alishuka kwenye bwawa la hoteli na dera, suruali ndani, mtandio kichwani. Alikaa kwenye vidato, akaingiza miguu, halafu akajitosa hadi kiunoni, uso umekunjuka, tangu afike Australia sikuwa nimemwona hivyo. Kijana mmoja wa hoteli akaja, akachutama, mpole kupita kiasi. Alizungumzia usafi wa maji. Nguo za pamba, alisema, hutoa nyuzi, na nyuzi huziba chujio. Sikatai, chujio huziba. Lakini hatua tatu kutoka pale alikuwapo bwana ndani ya maji na fulana ya pamba ya timu ya raga, bia mkononi, na nyuzi zake hazikumsumbua mtu. Nilipomwonyesha, kijana alitabasamu akaongeza kwamba, pia, wageni wengine walikuwa wameuliza. Wameuliza nini, hakusema. Na hii ndiyo nchi ambayo Aheda Zanetti wa Sydney alibuni burkini mwaka 2004, baada ya kumwona mtoto wa ndugu yake akihangaika kucheza netiboli na hijabu. Vazi wanalolijua, walilitengeneza wao, limezunguka dunia.

Mama hakungoja kufasiriwa. Alitoka, dera likichuruzika, akakataa taulo. "Twendeni zetu, wanangu. Maji ni ya Mungu, lakini shimo ni lao."

Asubuhi iliyofuata watu walewale walijifunika gubigubi kwa ajili ya mdudu wa kijiko, wakagawiwa nguo, wakapigwa picha. Hakuna aliyeuliza kitu. Ukimwogopa yavuyavu unapewa vazi, ukimwogopa Muumba wako unasomewa habari za chujio.

Mengine yaliyotupata hayana uzito. Kasuku weupe wenye vishungi vya njano waliingia chumbani wakafungua pakiti zote za sukari na kutuachia ile ya bandia. Kigari cha umeme, ambacho ndicho usafiri wa kisiwani, kilizima mlimani tukakisukuma. Kahawa ilikuwa na maziwa yenye mchoro wa jani, na bei ya mti.

Siku ya kuondoka nilikuwa roshani nafunga mizigo. Nikamwona mama mkwe anashuka peke yake kwenye bwawa. Alikuwa amevaa lile vazi la laikra lote, kofia, vifuko vya viganja, hatua za mtu anayekwenda kwake. Aliingia bila kusimama kwenye vidato. Akaogelea kwa mtindo wa Pate, kichwa juu, mikono inachota, toka ukingo hadi ukingo, na wenye bia wakampisha. Kijana yuleyule akaja, akachutama palepale. Nikaacha masanduku, nikaanza kutafuta viatu.

Lakini alikuwa amemletea taulo. Akamweleza, kwa upole uleule, kwamba bwawani hakuna yavuyavu, anaweza kulivua akipenda. Mama akamjibu kwa Kiingereza chake cha darasa la nane kwamba mtu hawezi kujua, akageuza, akaendelea. Kijana akamwinulia dole gumba.

Kwenye bili tulilikuta vazi lile limeandikwa chini ya gharama za usalama, likifuatwa na kodi yake ya asilimia 10.