Kompyuta moja, nyumba nzima

Shemeji aliposhuka kwenye lori la Lubumbashi hapa Kilwa, alikuwa amebeba kompyuta ya mapajani iliyozeeka, kumbukumbu yake gigabaiti 2 tu, ikiendeshwa na mfumo wa Linux. Tulikuwa tunaandaa ndoa ya binti yetu mkubwa na nyumba ilishajaa wageni. Mashine ikawa ya wote. Mama watoto aliifanya daftari la michango: nani katoa faranga, nani dola, nani kaleta gunia la kisense, samaki wadogo wakavu. Kila risiti aliipiga picha kwa simu na kuibandika ndani ya jedwali, kwa sababu aliwahi kuona ukoo ukigombana kwa mchango usioandikwa. Bibi harusi alitafuta mishono ya vitenge kwenye intaneti. Wadogo zake walicheza muziki.

Aliyeinuka kwenye kiti hakufunga kazi yake. Aliiacha wazi nyuma, mwenzake akafungua ya kwake juu yake. Mambo yalienda vizuri hivyo, hata mama yangu mzazi, aliyekuwa akichambua sombe mlangoni, akauliza: "Mwanangu, hii mashine ina vichwa vingapi?"

Ina kimoja. Kichakataji chake kina kiini kimoja, na kiini hicho hufanya kazi moja kwa wakati mmoja. Kila programu inayoendeshwa huwa mchakato wenye namba yake na sehemu yake ya kumbukumbu. Saa iliyo ndani ya mashine hubisha, kwenye Linux kadhaa mara 250 kila sekunde, na kila inapobisha mfumo huangalia kama aliye kazini aendelee au apishe. Anayepisha huandikiwa mahali alipofika, ili zamu yake ikirudi aanze hapo hapo. Michakato mingi haiombi hata zamu: jedwali linalongoja mtu abonyeze kitufe hulala mpaka abonyeze. Ndiyo maana muziki haukukatika mama watoto akiandika majina.

Watu walianza kutumia mashine pamoja namna hii zamani. Mwaka 1961, huko MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kituo chake. Na mwaka 2007 Linux ilipata mpangaji zamu wa Ingo Molnár, ambaye kanuni yake naipenda sana: hesabu kila mchakato umetumia muda kiasi gani, kisha mpe zamu aliyetumia kidogo kuliko wote.

Lakini muda hugawanyika. Kumbukumbu ikijaa imejaa. Jumamosi moja jioni bibi harusi alikuwa na kurasa nyingi za mishono, muziki unaendelea, na mama watoto anaingiza michango ya wageni waliofika siku hiyo. Kishale kikaganda. Taa ndogo ya diski pembeni mwa kibodi, ambayo kwa kawaida hupepesa, ikawaka moja kwa moja bila kuzimika. Hapo mfumo ulikuwa unahamishia diski vipande vya kumbukumbu ili kupata nafasi, na mara hiyo hiyo kuvirudisha, kwa sababu kila mchakato ulioshika zamu ulidai cha kwake. Diski ya zamani ni nzito mno kwa kazi hiyo. Muziki ukakwama, ukarudi, ukakwama tena. Kisha jedwali likatoweka, mashine ikawa nyepesi, wimbo ukaendelea kama kawaida.

"Michango yangu iko wapi?" Macho yote yakamwendea mtoto wa mwisho, aliyekuwa karibu na kibodi. Akaanza kulia.

"Yaya, usimguse mtoto," shemeji akamwambia dada yake. "Tuiulize mashine kwanza."

Akafungua daftari la matukio la mfumo, na jibu lilikuwepo, mstari mmoja: kumbukumbu imekwisha, mchakato umeuawa, na namba yake. Linux ikikosa nafasi kabisa huchagua wa kumtoa ili wengine wapone. Huupa kila mchakato alama kwa ukubwa wa kumbukumbu unayoishikilia, na mwenye alama nyingi hupelekewa ishara namba 9, isiyokataliwa wala kuombewa muda wa kuhifadhi kazi. Kivinjari kilikuwa kimejigawa katika michakato mingi midogo, karibu kila ukurasa na wake. Jedwali lenye picha zote zile lilikuwa mchakato mmoja mkubwa. Kwa pamoja mishono ilikula kumbukumbu nyingi kuliko michango, lakini mfumo hupima mmoja mmoja. Na hakuna aliyekuwa ameuambia kipi ni cha thamani nyumbani humu.

Kuambiwa unaweza. Shemeji aliipa programu ya majedwali alama ya hasi 500, katika kipimo kinachoanzia hasi 1000 hadi 1000. Hasi 1000 maana yake usiguse kamwe. Kivinjari alikiongezea upole wa kungoja zamu, ngazi ya 10 kati ya hasi 20 na 19. Halafu akafungua jedwali upya. Programu hujihifadhia nakala kila dakika 10, na nakala ikarudi na karibu kila kitu. Yaliyopotea ni majina ya mwisho tu. Mama watoto alimbeba mtoto mgongoni, akampangusa machozi, akawazungukia wageni mmoja mmoja na kalamu. Mjomba wa Pweto alisema ameleta magunia mawili ya kisense. Yakahesabiwa ghalani, yakawa mawili, yakaandikwa.