Baiskeli Iliyopitia Ukweni

Mwanaume mwenzangu uliyeoa Ruangwa, wewe sina haja ya kukueleza sana. Unajua kwamba mke wa Kimwera haji na kaka tu, anakuja na mjomba, na mjomba huyo akikohoa Mnacho, wewe huku Nachingwea unaanza kutafuta shati la mikono mirefu. Wa kwangu namwita Mjomba Chuma, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Mbele yake naanza na shikamoo, namaliza na asante, na katikati nasema ndiyo.

Mke wangu ni Mama Salma, ila kwenye simu nimemhifadhi kwa jina la CAG, maana hakuna shilingi ya korosho inayoingia nyumba hii ikatoka bila ukaguzi, na mimi kila mwaka napata hati yenye shaka. Salma mwenyewe yuko kidato cha tatu, anasoma fizikia na kemia, na siku hizi anatutazama sote kwa jicho la msahihishaji. Mdogo wake wa darasa la tano tunamwita VAR. Ugomvi wowote ukitokea lazima auigize upya mbele ya mashahidi, polepole, na mikono juu. Halafu kuna Shemeji Kinywe, mdogo wake CAG, aliyewahi kupata kibarua cha ulinzi kwenye machimbo ya kinywe huko Ruangwa, na tangu hapo hakuna jambo duniani ambalo kwake halina kinywe ndani.

Haya ya baiskeli yalianzia kwa daktari. Alisoma presha, akalitazama tumbo, akasema fanya mazoezi. Alimaanisha kutembea. Lakini kutembea Nachingwea ni kazi kwa mtu mzima mwenye heshima zake: kila bodaboda anasimama kukuuliza unaelekea wapi, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Nangowe unajua kwamba Baba Salma kaishiwa. Nikachagua baiskeli ya milimani, ile ya gia na tairi zenye meno, ya kupanda na kushuka njia za porini kwa raha yako, bila gunia nyuma.

Hilo la bila gunia ndilo lililozua maneno.

"Unakwenda wapi nayo?" CAG akauliza.

"Siendi mahali. Nazunguka."

"Unarudi na nini?"

"Sirudi na kitu, Mama Salma."

Akaandika jambo kwenye daftari lake. Mpaka leo sijalisoma.

Nikajaribu kumlainisha kwa historia. Nikasimulia mkekani kwamba mchezo huu ulianzishwa na vijana wa California, kaunti ya Marin, miaka ya 1970, waliokuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za chuma, nyingine zimetengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Breki zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume, na njiani zilipata moto hadi grisi ikatoka moshi, hivyo wakifika chini ilibidi wajaze grisi mpya. Mbio walizoanzisha mwaka 1976 wakazipa jina kutokana na kazi hiyo, Repack. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu maalumu ya mchezo, ya chuma kilichochanganywa kromiamu na molibdeni. Mwaka 1996 mchezo ukaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta.

Mjomba Chuma alikuwapo. Alikuja kwa jambo lingine, kesi ya mahari ya mpwa wake mwingine, ndefu hiyo, tuiache. Alisikiliza hadi mwisho akiwa na kikombe mkononi.

"Kwa hiyo Wazungu walipanda Phoenix," akasema. "Na mimi nimepanda Phoenix. Natoka Lindi na samaki wakavu, usiku, sina hata hizo breki za moshi. Mbona huko Olimpiki hawakuniita?"

Na hapo, ndugu yangu, kikao kikawa kimefunguliwa. Katika ukoo huu mtu hanunui peke yake kitu chenye magurudumu.

Mjomba alisimama na chuma, wala hakuna aliyetegemea vinginevyo. Phoenix yake ya kutoka Shanghai ina kilo 20 na ushei kabla hujaipakia hata kitunguu, lakini hoja yake ilikuwa moja: ikikatika, fundi wa mageti anaichomelea huku wewe unakunywa chai. Mimi nikasema alumini. Salma akaingilia bila kuulizwa. Alumini, akasema, ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, ila ugumu wake wa kukataa kupinda nao ni theluthi, ndiyo maana mabomba ya fremu zake hunenepeshwa. Tena chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango chake hustahimili mitikisiko miaka na miaka, lakini alumini haisamehe hata mtikisiko mdogo. Inaandika deni, na siku moja inadai lote. CAG aliposikia neno deni akainua kichwa.

"Karboni," akasema Shemeji Kinywe, na sote tukajua tunaelekea wapi. Kwamba kinywe ni karboni, Ruangwa tumekalia kinywe, kwa hiyo baiskeli za mamilioni zinazouzwa Ulaya ni udongo wetu uliokwenda kusafishwa. Salma akamwambia kwa adabu, maana huwa na adabu anapokaribia kumuumiza mtu, kwamba kinywe hutafutwa kwa ajili ya betri. Nyuzi za karboni za fremu huanza zikiwa nyuzi za plastiki, za jamii ya zile za sweta za akriliki, zinaokwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni hadi kupita nyuzijoto 1,000, kisha zinagandishwa kwa gundi. Shemeji akasema shule za kata zimeharibu watoto. Nikaona nimsaidie, nikaeleza kwamba karboni ni nyepesi kuliko zote, tatizo lake ikigongwa na jiwe inaweza kupasuka kwa ndani na juu usione kitu.

"Kinachoumwa bila kusema?" CAG akauliza. "Hapana. Ninaye mmoja tayari humu ndani."

Titani haikuchukua muda. Haishiki kutu, ni nyepesi kuliko chuma, lakini nilipotaja bei, mama mkwe aliyekuwa hewani kwenye spika ya simu aliomba nirudie, halafu mtandao ukakatika wenyewe. Alipopatikana tena Salma alikuwa anasimulia kwamba Uganda kuna watu wanaoitwa Boogaali wanaounda fremu za baiskeli kwa mianzi. "Mianzi ipo nyuma ya choo," mama mkwe akasema. "Njooni mkate."

Nilishinda kikao. Bei ya korosho mwaka ule ilikuwa imekaa vizuri, malipo ya chama cha msingi yaliingia bila longolongo, na CAG alikuwa amechoka. Alumini ikapita. Mji wetu una historia ya vitu vilivyoletwa kwa matumaini makubwa, kwa hiyo sikuwa wa kwanza. Mwaka 1947 Mwingereza alianza ule mradi wake wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Akaleta matrekta, akajenga reli kutoka Mtwara mpaka hapa, na kufikia mwaka 1951 alishakata tamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Tumebaki na kata inaitwa Stesheni, na treni hakuna.

Baiskeli ilipatikana Dar es Salaam, mtumba wa Kijapani, fremu ya alumini nyeupe, gia zote zinaingia, shokapu mbele. Mpwa wangu aliyeinunua ndiye aliyeandika boksi. Kijana mzuri, mtiifu, ila amezoea kupeleka vifurushi kwa mama mkwe wangu. Akaandika Nachingwea, kalamu ikaendelea yenyewe, akaongeza Ruangwa. Sasa Ruangwa nako kuna kata inaitwa Nachingwea. Basi likatii boksi.

Nikapigiwa simu kwamba mzigo umefika salama. Nikauliza umefika wapi, nikajibiwa nyumbani. Ukweni nako ni nyumbani, nitabisha nini? Nikaambiwa nitulie, italetwa ikipata mtu wa kuja huku. Tatizo ni kwamba huo ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, salfa imegawiwa, kila mtu anahangaika na mifuko ya kilo 25 kutoka ghalani kwenda shambani. Na baiskeli imekaa ukumbini, mpya machoni, haina kazi. Wewe unawajua wakwe. Hawapendi kuona kitu kimekaa bure.

Nilipokwenda hatimaye na VAR kuichukua, niliikuta imeshavishwa kareri la nondo, madigadi mbili za rangi tofauti, kengele, na stika ya Namungo kwenye shingo. "Tumeitengeneza kidogo," Mjomba akasema. Kidogo chenyewe ni kwamba chini ya siti, pale kareri lilipofungwa kwa boliti, bomba lilikuwa limepata ufa. Mifuko ya salfa ilikuwa inakwenda miwili miwili, na Shemeji Kinywe juu yake.

Tukaipeleka kwa fundi wa mageti. Yaliyotokea huko VAR huyarudia kila akija mgeni, na mimi nimeacha kumkataza. Fundi yule hodari, mikono yake imejenga nusu ya madirisha ya mtaa. Lakini chuma kikipata moto kinakwambia, kinakuwa chekundu, unajua hapa pamekolea. Alumini haisemi. Juu ina ngozi yake ya oksidi isiyoyeyuka mpaka upite nyuzijoto 2,000, wakati yenyewe kwa ndani inayeyuka kwenye 660. Fundi akawa anasubiri wekundu. Akasogeza moto. Akasubiri. Hapo VAR huinua mikono, husimama kimya kidogo, kisha hukaa chini ghafla: bomba lote likamwagika kama uji, na mama mkwe akasema innalillahi.

Salma kwenye simu akasema hata mashine ya gesi ya agoni ingepatikana, fremu ya namna ile ikishachomelewa hupoteza ugumu, mpaka iokwe upya kwa joto lililopimwa. Shemeji akauliza kama tanuri la mikate lingefaa.

Tungebaki na magurudumu bila mwili, ila nyuma ya karakana ya fundi palikuwa na fremu kongwe ya baiskeli ya mlimani, imefungia mlango wa banda la mbuzi. Rangi imebanduka, stika nusu, lakini tarakimu zinasomeka: 4130. Ndicho kile chuma cha kromiamu na molibdeni. Mjomba akaigonga kwa ufunguo, akasikiliza. "Hii inaitika," akasema. Gia na magurudumu vikahamia, shokapu zikaingia baada ya maneno makali na nyundo ya mpira. Kisha nikakaribishwa chai. Nilipomaliza kikombe, kareri jipya lilikuwa limeshachomelewa na linapoa.

Mtu haondoki ukweni mikono mitupu. VAR akapanda basi. Mimi nikatoka Ruangwa na gunia la mbaazi nyuma na kuku wawili kwenye usukani. Lakini nikuambie ukweli, ndugu msomaji, nilipoacha barabara kubwa nikashika njia ya mashambani, chini ya mikorosho, mchanga ukikamata tairi kisha ukiachia, ile fremu ilikuwa inanyumbuka kidogo kwenye mizizi na kurudi, haipigi mgongo, na mteremko ulipokuja niliachia breki zote mbili. Kuku walipiga kelele. Nadhani na mimi nilipiga.

Siku hizi baiskeli ina ratiba ukutani, imeandikwa na CAG. VAR anaipeleka madrasa, mama yake anaipeleka mashine ya kusaga, Salma ana siku yake ya kupima sijui msuguano gani. Mimi nina Jumamosi asubuhi, ikiwa hakuna dharura. Jumamosi iliyopita nimeshavaa viatu, simu ikalia kutoka Ruangwa: salfa ya msimu huu imefika, na Mjomba anauliza kama baiskeli inakuja na mwenyewe au inakuja peke yake. CAG akanitazama, akamjibu kwamba mwenyewe yupo, anatafuta pampu.