Urafiki wa Tani Ngapi?

(Stesheni ya TAZARA, Dar es Salaam. Wageni walitarajiwa saa nne. Sasa ni saa sita. KAPETI JEKUNDU ametandikwa juani. Kwenye reli ya pembeni yuko BEHEWA la mizigo, mzee, rangi imemtoka.)

KAPETI: Shikamoo, Babu.

BEHEWA: Marahaba, mjukuu wangu. Leo wamekutandikia nani?

KAPETI: Ujumbe. Mimi nchi siulizi, natazama viatu tu. Mkuu wa msafara huvaa soli ya ngozi, msaidizi wake soli ya raba ili aweze kukimbia. Juzi kapita mmoja, kibandiko cha bei bado kimeganda kisiginoni.

BEHEWA: Wanakuja kusema nini?

KAPETI: Kwamba urafiki wetu na China haujawahi kuwa mzuri kama sasa. Mwaka 2013 Xi Jinping alifika hapa Dar, tukawa wabia. Novemba 2022 Rais Samia akaenda Beijing, tukapanda daraja: wabia wa kimkakati!

BEHEWA: Kama karani aliyepandishwa cheo bila nyongeza ya mshahara.

KAPETI: Babu, una kinyongo.

BEHEWA: Nina kutu, kinyongo sina. Nyerere na Kaunda walibisha hodi Magharibi wakitafuta fedha za reli hii, wakaambiwa haitalipa. China yenyewe siku hizo ilikuwa hohehahe, lakini ikatoa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Kuanzia 1970 hadi 1975 wakatandika kilomita 1,860, Dar hadi Kapiri Mposhi. Ungepita Mlimba kwenda Makambako ungejua: unatoka darajani unaingia handakini, unatoka handakini uko darajani tena. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi ile. Makaburi yao yako hapo Gongo la Mboto.

KAPETI: Lakini walikuwa na lao jambo.

BEHEWA: Nani hana lake? Unadhani fedha za kuwalipa vibarua zilitoka wapi? Serikali zetu zilichukua bidhaa za Kichina kwa mkopo, zikaziuza madukani, mauzo yakalipia gharama za huku. Mama aliyenunua sufuria Mbeya alikuwa anajenga reli bila kujua. Halafu 1971 China iliporudishiwa kiti Umoja wa Mataifa, balozi wetu Salim Ahmed Salim alishangilia ukumbini mpaka Wamarekani wakanuna.

KAPETI: Wakasahau?

BEHEWA: Thubutu! Mwaka 1981 alipowania Ukatibu Mkuu, Marekani ikamwekea turufu. China nayo ikamwekea turufu Waldheim, aliyetaka kubaki kitini, duru 16. Kiti akakalia Mperu.

KAPETI: Huo ndio urafiki bwana! Mbona mkuu wa msafara hotubani haya hayasemi?

BEHEWA: Kwa sababu akianza kusimulia, ataulizwa mizigo iko wapi. Enzi zetu tulivusha zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Ilipofika 2015, laki moja hatukuifikisha. Kupeana mikono hakukupungua hata kilo.

KAPETI: Sasa hapo Mchina ana kosa gani?

BEHEWA: Sijasema ana kosa. Reli ni ya serikali mbili, hii na ya Zambia, nusu kwa nusu, ndugu wa damu kabisa. Ndugu huyu anangoja yule anunue spea, yule anangoja huyu. Njia za kusini mwa Afrika nazo zikafunguka, malori yakapanga foleni Tunduma, sisi tukabaki kuota majani.

KAPETI: Siku hizi tuna marafiki wengi, Babu. Huna haja ya kulia.

BEHEWA: Wengi, na kila mmoja na upana wake! Reli ya kati, ya Mjerumani, milimita 1,000. Yangu 1,067, ilingane na ya Zambia. SGR, walioanza kuijenga ni Waturuki, 1,435. Mji mmoja, reli tatu, na mimi siwezi hata kwenda kumjulia hali jirani. Kule Kidatu mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule.

KAPETI: Yataisha. Septemba 2024, Beijing, marais watatu, Xi, Samia na Hichilema wa Zambia, walishuhudia hati ya kukufufua ikitiwa saini. Kampuni ya China, CCECC, dola bilioni 1.4, miaka 30.

BEHEWA: Thelathini?

KAPETI: Thelathini.

BEHEWA: Zamani thelathini ilikuwa ya sisi kulipa huku tukiendesha. Sasa thelathini ni ya wao kuendesha. Rafiki aliyekununulia gari amerudi kukaa kwenye usukani.

KAPETI: Si uliacha kuliendesha?

BEHEWA: (Kimya kidogo.) Hapo umenishika. Ila usidhani nimekumbukwa kwa mapenzi. Marekani na Ulaya wanatia fedha kwenye njia ya Lobito, kule Angola, shaba ya Zambia na Kongo itokee Atlantiki. Wakubwa wakigombea shaba, na mimi napakwa rangi. Wagombane tu, Mungu awape nguvu.

KAPETI: Nyamaza, ving'ora! Wamefika.

BEHEWA: Mjukuu wangu, akipita fundi kati yao, mwambie breki zangu hazishiki.

KAPETI: Nitamjuaje?

BEHEWA: Soli yake ina grisi.

KAPETI: Wenye grisi hawanikanyagi mimi, Babu. Wanapitishwa mlango wa nyuma.

BEHEWA: Basi waambie wakutandike hadi huko.