Sifa za Mwenda Pole Anayejikwaa

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakupata kuketi ndani ya gari la petroli lenye misi, yaani milipuko inayokosekana injinini, foleni ya Barabara ya Mandela ikisogea hatua tatu tatu kutoka Buguruni kuelekea Tazara. Humo mwenda pole hujikwaa kutwa: gari linaruka, linakwama, linaruka tena, abiria anakumbatia dashibodi na bodaboda wanapita wakicheka. Njia ikifunguka na mshale wa mizunguko ukapita 2,000, gari hilo hilo hutulia kama maji ya mtungini. Watu hulitukana, mimi nimekuja kulisifu, tena bila haya. Katika vyombo vyote vya moto hakuna kilicho mkweli kama hiki, na ukweli wake umo katika huko kujikwaa kwake.

Tuanze na hesabu. Injini ya silinda nne na mapigo manne huwasha kila silinda mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Kwenye silensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, ya mizunguko 750 kwa dakika, hiyo ni milipuko 25 kwa sekunde. Kwenye 3,000 ni milipuko 100. Silinda moja ikigoma mwendo ukiwa mdogo, pengo lake ni refu na flaiwili haina kasi ya kulivuka, kwa hiyo mwili mzima wa gari unalisikia. Mizunguko ikipanda, mapengo hubanana na uzito unaozunguka huyaruka kabla kiuno cha dereva hakijang'amua. Hewa nayo ni vivyo hivyo. Mpira uliopasuka baada ya throto huingiza hewa ambayo sensa ya bomba la hewa haikuihesabu. Kwenye silensa injini inavuta hewa kidogo, basi hiyo ya magendo huwa fungu kubwa, na mchanganyiko unaotakiwa uwe karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli hupungukiwa mafuta. Ukikanyaga, magendo yale yale huzama katika hewa nyingi halali. Kasi, basi, haiponyi kitu, inafunika tu. Kulisifu gari kwa kuwa limetulia kwenye 3,000 ni kama kumsifu mwimbaji asiyejua mahadhi kwa kuwa ngoma zimemzidi sauti.

Mkweli huyu, tofauti na wakweli wengi, hasemi ovyo: anajibu kulingana na swali. Likitetemeka limesimama bila gia, linakuelekeza kwenye plagi, koili, throto iliyojaa masizi au mpira unaovuja. Likitulia kwenye silensa ila likagugumia likipanda mlima kwa mwendo mkubwa, linakutuma kwenye pampu na filta ya mafuta. Likiruka kwa sababu tu umevuka tuta ukiwa gia ya nne, linamshtaki dereva, na hapo hakuna spea itakayomtibu. Hata ushahidi linautoa bila gharama: fundi huhamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya nne, na msimbo P0302 ukigeuka P0304, mwizi amekamatwa na mali mkononi. Usipogeuka, koili imeachiwa huru na kesi inahamia kwenye plagi.

Atatokea mwerevu aseme kuna mashine ya kupimia, ya nini kusikiliza mirukoruko? Ni kweli, magari mapya ya abiria Marekani yamelazimika kuwa na mfumo wa OBD-II tangu 1996, na magari mengi duniani yakafuata mkondo huo. Lakini msimbo P0300 unasema tu kwamba milipuko inakosekana hapa na pale. Haumtaji mkosaji, iwe plagi, koili, nozeli au hewa. Mashine inakuambia kuna anayelia. Nani kampiga, utafute mwenyewe. Anayesoma msimbo kisha akakimbilia Kariakoo kununua koili nne amenunua dua, hajanunua jibu. Mwingine, mwenye hoja nzito zaidi, atasema misi si mzaha: petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi yaliyo kwenye bomba la moshi na kuyayeyusha. Nakubali kila neno. Ila anayechoma masega ni ubovu. Mruko ni mlinzi apigaye kelele kwamba nyumba inaungua. Gari lenye ubovu huo huo lakini lenye adabu ya kukaa kimya lingeyachoma masega likiwa limetabasamu, na mficha maradhi, kama tujuavyo, kilio humfichua.

Lawama, basi, imwendee yule anayesimama kwenye taa nyekundu, akatoa gia na kukanyaga mafuta kidogo kidogo ili gari lisimwaibishe. Huyo hajalitengeneza, amelifunga mdomo, kisha analalamika kwamba mafundi hawauoni ugonjwa. Wahenga nao hatuwakosoi, tunawaongezea tu: ajikwaaye akikimbia huamka na jeraha, ajikwaaye akienda pole hugeuka akaliona jiwe. Na mara nyingi jiwe lenyewe ni plagi.